Mwalimu wa hesabu anayefundishwa rejeta na mwanafunzi wake

Saa moja kasorobo asubuhi. Mkono wa Mwalimu uko chini ya dashibodi ya gari la mikate, unapapasa zulia upande wa abiria. Unatoka umelowa. Anausogeza karibu na pua, ananusa, kisha anasugua vidole viwili kuona kama vinateleza.

"Harufu ya utamu," anasema. "Haya si maji ya mvua."

Dereva wa mikate, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kiwanda, amesimama kando akiwa na kitambaa mkononi. Ni kitambaa anachofutia kioo cha mbele. Kwa siku kadhaa kioo hicho kimekuwa kikipata ukungu kwa ndani kama kioo cha bafuni, na leo alfajiri nusura agonge mkokoteni kwa kutouona.

"Umekuwa ukiongeza maji kwenye rejeta kwa muda gani?" Mwalimu anamuuliza.

"Kama wiki hivi. Wiki na kitu."

"Ni wiki, au ni wiki na kitu?"

Dereva anahesabu kwa vidole. "Siku kumi na moja."

"Kiasi gani kwa siku?"

"Chupa moja. Ile ya lita moja na nusu."

Mwalimu anachomoa kipande cha chaki nyuma ya sikio, anainama na kuandika kwenye sakafu ya saruji hesabu ya kuzidisha. Anaandika jibu na kulipigia mstari chini. "Lita kumi na sita na nusu," anasema. "Zimekwenda wapi? Nyingine hizi hapa kwenye zulia. Nyingine umezivuta kwa pua yako mwenyewe."

Dereva anaangalia ile hesabu sakafuni kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

Mwalimu ni mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na sita alifundisha hesabu shule ya msingi, na katika safu hii ya gereji zilizobanana nyuma ya ghala la mbao kila mtu anamwita Mwalimu, hata wale ambao hawajui alikuwa mwalimu kweli. Anavaa ovaroli ya bluu aliyoipunguza kiuno mwenyewe kwa sindano. Miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba ya viatu. Yeye hagusi breki, hagusi umeme wa gari. Kazi yake ni moja: maji ya injini, yanapotoka, yanapopita na yanapopotelea.

Leo yamepotelea kwenye hita.

Nyuma ya dashibodi ya gari la aina hii kuna rejeta nyingine ndogo, ukubwa wa daftari nene, ambayo wenye magari wengi hawajui kama ipo. Maji ya moto ya injini hupita humo ili kupasha joto hewa ya ndani. Ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji. Huku kwenye jua, hita huwashwa kwa bahati mbaya, mtoto anapochezea vitufe. Lakini inazeeka kama vitu vingine, inatoboka, na kuanza kumwaga maji miguuni mwa abiria.

Kuibadilisha ni kazi ya siku mbili. Lazima dashibodi yote ing'olewe, na hita yenyewe iwe imepatikana, jambo ambalo ni kubahatisha. Ndiyo maana wateja wengi huchagua njia ya mkato iliyo halali: kuiruka hita. Mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji inachomolewa, na mahali pake unawekwa mpira mmoja uliopinda, unaoyageuza maji yarudi kwenye injini bila kuingia ndani ya gari.

"Au tuweke bolti tu," dereva anapendekeza. "Kuna fundi kaniambia unaziba mipira yote miwili kwa bolti, unakaza klipu, dakika kumi umeondoka. Mzunguko wangu wa pili wa mikate ni saa tano."

Mwalimu anavaa miwani. Anamtazama juu ya fremu, muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza.

"Hapa bolti haiingii," anasema. "Kaa kwenye benchi. Injini ipoe kwanza."

*

Bolti mbili ndizo zilizomleta Mwalimu kwenye safu hii ya gereji.

Mwaka mmoja kabla hajastaafu, mume wake, mpima ardhi ambaye alizoea kutembea kilomita kumi na tano kwa siku porini, alianguka bafuni na kuinuka akiwa na nusu ya mwili isiyomtii. Kiharusi. Daktari aliagiza mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki, hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Kumpandisha na kumteremsha kwenye magari ya abiria ilikuwa shughuli ya kutoa jasho, na mara mbili makondakta waliwaacha kituoni kwa kuona watachelewesha safari.

Kiinua mgongo kilipotoka, Mwalimu hakushauriana na mtu. Theluthi mbili za fedha hizo zilinunua gari dogo lililotumika, la rangi ya maziwa. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka sitini.

"Watoto wetu walinuna," anasimulia. "Binti yetu mkubwa alinipigia simu akasema, 'Mama, hela yote hiyo kwenye bati?' Nikamwambia, baba yako hawezi kupanda kiwanja. Gari anaweza kulipanda."

Kwa miezi sita gari lilienda na kurudi. Mwezi wa saba kioo kilianza kushika ukungu na zulia likaanza kulowa upande anaokaa mumewe. Fundi wa karibu na nyumbani alisema hita imetoboka. Mwalimu aliuliza swali moja tu: njia rahisi ni ipi? Fundi akaonyesha bolti mbili. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa.

Siku tisa baadaye, wakirudi hospitalini, mshale wa joto ulipanda. Mwalimu hakuuona, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuutazama. Alichokiona ni moshi mweupe ukitoka kwenye boneti. Hakujua kama ni mvuke au moto. Alisimamisha gari pembeni, akazunguka mbio upande wa pili, akamkumbatia mumewe chini ya makwapa na kumvuta nje. Wote wawili walianguka kwenye kokoto.

"Mimi nilikuwa naogopa kwamba atavunjika," anasema. "Yeye alikuwa anacheka. Aliniambia, 'Mama watoto, tangu tulipooana hujanikumbatia hivi.'"

Walikaa juani kwa muda wa karibu saa tatu, mwavuli mmoja, hadi gari la kuvuta likafika. Kicheko cha mzee kilikwisha mapema. Alihitaji choo na hapakuwa na choo. Jambo hilo Mwalimu analisimulia kwa sauti ya chini, na halirudii.

Fundi mwingine alipofungua injini alimweleza kilichotokea. Kwenye baadhi ya injini, ule mzunguko wa hita ndiyo njia ambayo maji hupitia wakati termostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto, bado imefunga. Ukiuziba, maji yanasimama mahali pamoja yakichemka huku mengine yakiwa baridi. Gasketi, kizibo kilicho kati ya injini na kichwa chake, iliungua, na kichwa cha injini kikapata ufa. Bei ya kutengeneza ilikaribia bei ya gari.

Alirudi kwa yule fundi wa bolti, amejiandaa kwa ugomvi. Fundi hakugombana. Alimwambia, "Mama, wewe ulitaka rahisi. Hukuniuliza kama ni sawa."

"Alisema kweli," anasema Mwalimu. "Nimewagombeza watoto miaka thelathini na sita kwa kutouliza maswali. Mimi mwenyewe niliweka maisha ya mume wangu kwenye kitu nisichokijua, na sikuuliza hata swali la pili."

Gari lilibaki nyuma ya nyumba. Safari za hospitali zikarudi kuwa za kusukumana. Mwalimu akaanza kutembea gereji kwa gereji, akitafuta mtu wa kumfundisha mfumo wa maji wa gari, mwanzo hadi mwisho.

Wa kwanza alidhani anamtafutia mjukuu nafasi. Wa pili alimpa kiti na soda, akamshauri apumzike. Wa tatu alisema, "Bibi, tuletee gari, wewe baki nyumbani."

Gereji ya nne ilikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: GEREJI YA SUFURI.

*

"Nilimjua kwa sauti kabla sijainua kichwa," anasema mwenye gereji, mwanamume mpana wa miaka arobaini na mitano, ambaye wote hapa wanamwita Sufuri. "Nilikuwa chini ya lori. Nikasikia mtu anasema, 'Samahani, nani msimamizi hapa?' Mgongo wangu wote ulinyooka. Nilirudi darasa la sita papo hapo."

Jina hilo alipewa na Mwalimu.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, jaribio la sehemu na desimali. Mvulana wa miaka kumi na miwili, mtoro wa kudumu, alirudisha karatasi isiyo na jibu hata moja sahihi. Mwalimu, wakati huo mwanamke wa miaka thelathini na mwenye ulimi mwepesi, aliinua karatasi ile juu darasa zima liione na kusema, "Huyu mwenzenu ametuletea sufuri nzuri ya duara. Mpigieni makofi." Wakapiga.

"Nilimwita hivyo mara moja tu," anasema Mwalimu. "Wenzake wakamalizia kazi."

Hakumuuliza mtoto yule kwa nini anatoroka. Angeuliza, angejua kwamba mjomba wake alikuwa akimtumikisha gereji siku tatu kwa wiki kulipia chumba walichokaa yeye na mama yake. Muhula ule haukuisha, mvulana akaacha shule. Jina likamfuata kwenye gereji, na mafundi waliokuja baadaye wakadhani ni jina la sifa, kwamba gari likitoka kwake linabaki na kasoro sufuri. Naye hakuwasahihisha.

"Alinipa jina, mimi nimelilipia leseni miaka kumi na tisa," anasema, akifuta mikono. "Limenilisha. Lakini siku ile niliyolipata lilikuwa linauma, na sitaki kusema uongo kwamba halikuuma."

Siku Mwalimu alipofika, Sufuri alimuuliza jambo moja: "Unanikumbuka?" Mwalimu akasema ndiyo. Sufuri akamwambia arudi kesho.

Asubuhi yake Mwalimu alifika wakati mafundi saba wamekaa kwenye matairi wakinywa chai. Hakukaa. Alisimama mbele yao, mkoba ukiwa umebanwa kwapani, akasema: "Mimi ndiye niliyempa bosi wenu jina la Sufuri. Alipata sufuri kwenye jaribio, nikamwaibisha mbele ya watoto arobaini na wanne. Lilikuwa kosa langu, siyo lake. Kwa sababu nililifanya mbele za watu, nimekuja kuomba radhi mbele za watu."

Mafundi waligeuka kumtazama bosi wao. Sufuri alikuwa anaangalia ndani ya kikombe.

"Brashi ziko kwenye ndoo," akasema mwishowe. "Mafuta ya taa yapo kwenye kile kidumu. Anza na zile pistoni."

Aliosha vipuri kwa wiki kumi na moja. Pistoni, kava za injini, beringi zilizoganda grisi. Mikono ilipasuka, akawa analala amevaa mikononi soksi zilizopakwa mafuta ya mgando. Binti yake alikuja siku moja, akamkuta amechuchumaa kwenye beseni, akalia.

"Alisema, 'Mama, watu watasema sisi watoto hatukutunzi,'" anakumbuka. "Nikamwambia, waambie nipo shule."

Je, zile wiki kumi na moja zilikuwa kisasi? Sufuri anacheka, anakuna shingo.

"Kila anayeingia hapa anaanza kwa kuosha. Lakini wengine huwa wiki sita. Basi tuseme tano za ziada zilikuwa za darasa la sita. Alivyozimaliza bila kuuliza lini zitaisha, nilijua nimepata mtu."

*

Saa mbili na dakika ishirini. Injini ya gari la mikate imepoa kiasi cha kugusika. Mwalimu amefungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, polepole, uso ukiwa kando. Ameweka beseni safi chini na kumwaga maji nusu, kwani yakitoka bila uchafu yatarudi humo humo. Maji haya yana dawa ya kuzuia kutu. Ni matamu na ni sumu, kwa hiyo hakuna beseni linaloachwa wazi hapa. Kuna paka wawili wa gereji, na yeye ndiye anayewalisha.

Anachora mishale miwili kwa chaki kwenye mipira inayoingia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dashibodi: mmoja unaenda, mwingine unarudi.

"Ule wa kwenda umeanzia hapa, kwenye kichwa cha injini," anamwonyesha dereva, ambaye benchi limemshinda na sasa amesimama begani kwake. "Ule wa kurudi unaishia kwenye pampu. Sisi tunataka maji yaendelee na safari, ila yasipite nyumbani kwako."

Mpira wa zamani umegandia kwenye bomba. Fundi mwenye haraka angeuvuta kwa nguvu na kupindisha bomba lenyewe. Mwalimu anachukua wembe, anauchana mpira kwa urefu wake kama anayemenya ndizi, na unatoka wenyewe.

Mpira mpya una umbo la U tangu kiwandani. Anaupima mdomo kwa rula ya plastiki, aina ile ile wanayotumia wanafunzi. Ukichukua mpira ulionyooka na kuulazimisha kupinda, anaeleza, unabonyea katikati na maji yanabanwa shingo. Anavisha klipu mbili, anaingiza ncha moja, kisha ya pili, anakaza kwa bisibisi. Mabomba mawili yaliyobaki ya hita anayavisha vifuniko vya mpira ili masalia yasidondoke.

Anajaza maji. Anawasha injini mfuniko ukiwa wazi, anaukanda mpira kwa kiganja taratibu, na mapovu yanapanda moja baada ya jingine. Hewa ikibaki ndani, anasema, maji hayazunguki sawasawa hata kama kazi nyingine yote umeifanya vizuri.

Saa tatu na robo. Mshale umepanda hadi katikati na kutulia. Feni imewaka, imezima, imewaka tena. Dereva anachukua kofia yake.

"Bado," anasema Mwalimu. Amepiga goti, tochi ikiwa mdomoni. Kwenye ungio la upande wa pampu kuna tone. Analifuta. Linarudi.

"Mama, hilo tone moja tu," dereva anasema.

"Dakika ngapi tangu nilifute?"

"Mbili, labda."

"Kila dakika mbili tone moja. Unaendesha saa tisa kwa siku. Nikuandikie?"

Dereva anageukia ndani ya gereji, ambako Sufuri amekunja mikono anasikiliza. "Bosi, tafadhali mwambie bibi akaze tu niondoke. Nina maduka ishirini na mawili yananisubiri."

"Hapa maji ni yake," Sufuri anamjibu. "Mimi mwenyewe nikitaka kugusa rejeta, naomba ruhusa. Akisema bado, ni bado."

Mwalimu hageuki kuangalia nyuma. Anazima injini, anasubiri tena ipoe, na kila mtu anasubiri naye. Dereva anapiga simu dukani, anaomba radhi, anazunguka gari mara tatu. Kisha Mwalimu anafungua klipu, anachomoa ncha ile, na anapopitisha kidole kwenye bomba la chuma anakuta kovu la kutu, jembamba kama unywele. Hata ungekaza klipu hadi ikatike, maji bado yangepita hapo.

Anamwita dereva. "Lete kidole chako." Dereva anapapasa. Anakiona kwa ngozi kile ambacho macho hayakukiona.

"Hilo ndilo lingekusimamisha barabarani," Mwalimu anamwambia.

Anasugua bomba kwa msasa mlaini, anafuta, anapapasa, anasugua tena. Mara ya tatu anaridhika. Anarudisha mpira, anakaza, anajaza, anatoa hewa upya tangu mwanzo. Injini inaunguruma dakika ishirini nzima. Ameweka kipande cha gazeti kikavu chini ya ungio. Anapokichomoa bado ni kikavu, na anampa dereva akikague mwenyewe.

Kabla hajamwachia ufunguo anamsomea masharti. Hita haijapona, imerukwa tu, na siku moja huenda akahitaji kuibadilisha. Mvua zikianza kioo kitaweza kushika ukungu wa kawaida na hatakuwa na hewa ya moto ya kuufukuza, kwa hiyo afungue dirisha kidogo na awe na kitambaa kikavu. Zulia alioshe, alianike juani kwa siku mbili, watoto wasilichezee. Jioni ya leo, injini ikiwa baridi, aangalie kiwango cha maji. Kesho pia.

"Sema ulichosikia," anamwambia.

Dereva anarudia yote, anasahau la zulia, anakumbushwa, anarudia.

"Asante, Mwalimu," anasema anapopanda. Ni saa tano kasoro dakika kumi.

*

Kwa wiki magari sita hadi tisa hupita mikononi mwake. Siku mbaya halipo hata moja, na hupoteza muda akinyoosha mapezi ya rejeta kuukuu kwa kisu cha mezani. Katika mwezi mzuri anachopata kinakaribia pensheni yake. Katika mwezi mbaya hakifiki hata robo. Goti la kushoto linamsumbua, na daktari yule yule wa mumewe amemwambia apunguze kuchuchumaa.

Mumewe sasa anatembea kwa fimbo kutoka chumbani hadi barazani. Usafiri wa hospitali wanachangia na majirani wawili wenye wagonjwa, kwenye teksi ambayo mfumo wake wa maji Mwalimu huukagua bure kila Jumapili.

"Zamani alikuwa ananisahihisha Kiswahili changu," anasema mzee huyo, ambaye maneno bado humtoka polepole. "Siku hizi akija nyumbani ananiuliza, 'Baba watoto, umekunywa maji lita ngapi leo?' Nimekuwa gari."

Kati ya Mwalimu na Sufuri mambo hayajawa ya kukumbatiana. Yeye humwita "bosi", naye humwita "Mwalimu", na hakuna anayejua kama kwenye maneno hayo bado kuna utani wa zamani. Mwalimu alijitolea mara moja kumlipia fundi wa rangi aandike upya kibao cha gereji, jina lolote analolitaka. Sufuri alikataa. Alisema wateja watapotea. Baadaye, wanne tu wakiwa wamebaki wanafunga milango, alimwambia kwamba jina lile sasa ni lake, na hataki mtu aliyempa alichukue tena.

"Nilikubali," anasema Mwalimu. "Siyo kila kosa unapewa nafasi ya kulifuta. Mengine unaishi nayo, unafanya kazi."

Baada ya wiki tano atafanya mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu. Alipopeleka fomu, karani aliuliza jina la mjukuu anayemsajili. Akasema mtahiniwa ni yeye. Karani aliita wenzake waje kuona, wakaja, wakaangalia, wakagonga muhuri.

Mfumo wa maji hauogopi. Sehemu ya maandishi haiogopi hata kidogo. Tatizo ni kwamba mtihani unataka gari zima, na giaboksi bado inamchanganya. Sufuri amempangia moja kuukuu kwenye meza ya nyuma, ambayo kila siku baada ya kazi anaifungua na kuifunga. Mara nne ameifunga, mara nne kimebaki kipande mkononi ambacho hajui kilitoka wapi.

Akifaulu, anataka nafasi ya kona iliyo tupu karibu na lango, aiwekee benchi mbili na ubao, na kila Jumamosi asubuhi awafundishe wenye magari wenyewe: kina mama wanaopeleka wagonjwa, madereva wa vigari vya mizigo, yeyote anayeendesha kitu asichokijua. Wafungue boneti, waguse mpira wa moto na wa baridi, wajue maswali matano ya kumuuliza fundi kabla hajashika spana. Sufuri ameshamkubalia kona hiyo. Sharti lake ni cheti kwanza.

Na akifeli?

Mwalimu anavua miwani, anaipangusa kwa pindo la ovaroli, jambo linaloichafua zaidi.

"Mtihani unafanyika mara mbili kwa mwaka," anasema. "Nikifeli wa sasa nitafanya ule wa pili, na baada ya huo kuna mwingine. Miaka yote niliwaambia watoto kwamba kurudia si aibu. Sikuwahi kurudia kitu mimi mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa nasema nisichokijua."

Anavaa miwani tena, anakwenda kwenye meza ya nyuma, na kuanza kulegeza bolti ya kwanza ya giaboksi kwa mara ya tano.